Adapta imegoma: soma vitufe kabla hujashika pasi ya kulehemu

Adapta uliyoitengeneza mwenyewe, ile ya kuunganisha pedi ya gemu na kompyuta au mashine isiyo yake, ikigoma, mkono hukimbilia pasi ya kulehemu. Uzuie kwanza. Waya ukikatika, ukigusana na mwenzake au ukiwekwa pasipo pake, huacha alama kwenye vitufe, na kila waya una alama yake. Alama hiyo unaisoma kwenye kioo cha kompyuta kabla hujafungua skrubu hata moja. Nimewaona vijana wenye mikono mizuri wakichoma ubao mpaka shaba inabanduka, wakitafuta kosa ambalo kitufe cha B peke yake kingewaonyesha.

Naanza na pedi za mashine za gemu za NES na Super Nintendo (SNES) zinazounganishwa na kompyuta kwa ubao mdogo wa Arduino Pro Micro. Wengi wetu tunaanzia hapo, na ukishazielewa hizo umeshazielewa pia pedi za zile gemu za TV za kuiga tulizokua nazo, zenye kaseti ya njano na gemu zinazojirudia. Sega, PlayStation na adapta za kupeleka pedi mpya kwenye mashine ya zamani zitafuata.

Chukua karatasi na kalamu. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, chagua adapta yako na ufungue sifa zake. Utaona taa ndogo zenye namba. Kwenye Linux tumia jstest au evtest. Bonyeza kitufe kimoja baada ya kingine na uandike taa zipi zimewaka. Andika pia zile zinazowaka bila kuguswa. Usirekebishe chochote mpaka orodha iishe.

Jinsi pedi inavyozungumza

Ndani ya pedi ya NES mna chipu moja, 4021. Vitufe 8 vinaingia, waya mmoja tu wa data unatoka. Mpigo ukija kwenye waya wa lachi, chipu inakamata hali ya vitufe vyote kwa mara moja, kama kupiga picha. Baada ya hapo kila mpigo wa kloki unasogeza foleni hatua moja: A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia. SNES ni foleni ileile iliyorefushwa kufika 16: B, Y, Select, Start, mishale minne, A, X, L, R, na nafasi nne za mwisho zisizo na kitufe.

Kitufe kilichobonyezwa huleta volti 0 kwenye data, kisichobonyezwa huleta volti 5. Lishike hilo. Ndilo linaloeleza kwa nini adapta yenye hitilafu hupenda kuonyesha kwamba vyote vimebonyezwa.

Kompyuta haioni kitu

Hapa pedi haihusiki kabisa, ichomoe. Sababu ya kwanza ni kebo ya USB ya kuchajia tu, isiyo na nyaya za data. Jaribu kebo unayojua inahamisha picha kutoka kwenye simu. Sababu ya pili ni ubao usiofaa: Arduino Nano ya bei nafuu haiwezi yenyewe kujitambulisha kama pedi ya gemu, kompyuta itaiona kama mlango wa mawasiliano tu. Unahitaji chipu yenye USB ndani yake, kama ATmega32U4 iliyo kwenye Pro Micro, au Raspberry Pi Pico.

Sababu ya tatu inawatisha watu bure. Pro Micro zipo za aina mbili, ya volti 5 na megahezi 16, na ya volti 3.3 na megahezi 8. Ukiipakia programu ukiwa umechagua aina isiyo yake, kasi ya USB inakosewa na ubao unapotea kwenye kompyuta, utadhani umekufa. Gusanisha pini ya RST na hasi mara mbili haraka haraka. Ubao utaamka kwa sekunde 8 hivi ukisubiri programu. Pakia iliyo sahihi ndani ya muda huo.

Ukibonyeza B, taa zote zinawaka

Hapa pedi inaongea kwa sauti kubwa. Kwenye SNES unabonyeza B, taa zote 12 zinawaka pamoja. Ukibonyeza kingine chochote, hakuna kinachotokea. Kwenye NES kitufe hicho ni A. Kwa nini hicho tu? Kwa sababu ndicho cha kwanza kwenye foleni, na foleni haisogei. Adapta inauliza mara 12 na inajibiwa na mtu yuleyule aliyesimama mbele. Waya wa kloki umekatika, au haukulehemiwa vizuri, au umeutaja kwenye pini nyingine ndani ya programu.

Sababu ya pili yenye dalili hiyohiyo ni lachi iliyokwama juu kwenye volti 5, kwa sababu chipu inayoambiwa "kamata" bila kukoma haipati nafasi ya kusogeza. Kutenganisha hizo mbili ni kazi ya mita ya kupimia umeme. Iweke kwenye mlio, gusa pini ya ubao wako upande mmoja na mguu wa chipu upande wa pili: kwenye 4021 ya NES kloki ni mguu wa 10, lachi wa 9, data inatokea wa 3. Kebo ikilia lakini hali haibadiliki, angalia kama lachi imegusana na volti 5 pale ulipolehemu.

Taa zote zinawaka bila kuguswa

Kuna njia tatu za kufika hapa. Data imegusana na hasi; hiyo ni rahisi, mita italia. Au lachi haifiki: foleni haijazwi upya, kloki inaendelea kuisogeza mpaka inaisha, na kwenye pedi halisi za Nintendo foleni iliyokwisha huleta volti 0 tu, yaani "kimebonyezwa". Au pedi haina umeme.

Hiyo ya tatu inahitaji subira, kwa sababu pedi isiyo na waya wa volti 5 haizimiki kabisa. Inanyonya umeme kidogo kupitia nyaya za kloki na lachi, kwa hiyo vitufe viwili vitatu vinafanya kazi, vingine vinayumba, na ukishika kebo hali inabadilika. Mtu anaanza kuilaumu programu. Pima volti kati ya mguu wa 16 na wa 8 wa ile 4021 pedi ikiwa imechomekwa. Ukikuta volti 3 na kitu inayoyumba badala ya 5 iliyotulia, waya wa umeme umekatika mahali.

Na ikiwa ni A, X, L na R tu zinazowaka muda wote, huku vingine viko sawa, adapta yako ni nzima. Umechomeka pedi ya NES kwenye programu ya SNES. Foleni ya NES inaishia nafasi ya 8, na hizo nne zinazofuata zinasoma utupu. Badilisha mpangilio kwenye programu.

Vitufe vimehama nafasi moja

Unabonyeza Y, inawaka B. Unabonyeza Select, inawaka Y. Kitufe cha B chenyewe hakionekani popote. Hakuna waya mbovu hapa. Programu inapiga kloki kwanza ndipo isome, wakati jibu la kwanza linakuwa tayari mara tu lachi inaposhuka, kabla ya mpigo wowote wa kloki. Soma, kisha piga. Badilisha mistari miwili nafasi zake na umemaliza.

Vinajibonyeza vyenyewe ovyo

Dalili hii haina mpangilio, na kukosa mpangilio kwenyewe ni ujumbe. Chomoa pedi uache adapta peke yake. Taa zikiendelea kucheza, waya wa data unaelea: washa rizista ya ndani ya kuvuta juu, inayoushikilia waya kwenye volti 5 usipovutwa chini, kwenye pini hiyo (kwenye Arduino ni INPUT_PULLUP) au weka ya nje ya kiloomu 10 kati ya data na volti 5. Zikitulia, kosa liko ndani ya pedi. Ifungue. Sisi tunaoishi karibu na bahari tunaijua ile kutu ya kijani inayotambaa kwenye shaba. Isugue taratibu kwa pamba yenye spiriti, pamoja na vile vidoti vyeusi vya mpira chini ya vitufe. Usitumie msasa. Utaondoa tabaka jeusi la kaboni na hutaweza kulirudisha.

Rangi za nyaya

Kwenye kebo halisi za Nintendo, nyeupe ndiyo volti 5 na kahawia ndiyo hasi. Nyekundu, ambayo kila fundi redio ataiita chanya akiwa amefumba macho, kwenye NES ni kloki na kwenye SNES ni data. Njano ni kinyume chake: data kwenye NES, kloki kwenye SNES. Chungwa ni lachi kotekote.

Pedi ya SNES ya binamu yangu niliiunguza hivyo. Nilipeleka volti 5 kwenye nyekundu, na mwisho ule ambao chipu ilikuwa ikitolea data ukapokea umeme usiokuwa wake. Ilipata moto mpaka ukaisikia kwenye plastiki ya nyuma. Tangu siku hiyo silehemu kebo yoyote kabla ya kuifuata kwa mita kutoka kwenye plagi mpaka kwenye chipu. Plagi ya SNES ina matundu 7: manne upande ulionyooka, matatu upande wa mviringo. Ukianzia upande ulionyooka, la 1 ni volti 5, la 2 kloki, la 3 lachi, la 4 data. La 5 na la 6 hayatumiki, la 7 ni hasi. Pedi za kuiga hufuata plagi hiyo kwa sababu hazina budi, lakini rangi zao ni za mwenye kiwanda.

Soketi ya pini tisa

Hapa ndipo vitu vinapoharibika kweli. Atari 2600, Sega Mega Drive na zile gemu za TV za kuiga zote zinatumia soketi ya umbo moja yenye pini 9, na zinaingiliana bila kulazimisha. Ndani ni lugha tatu tofauti. Atari inapeleka volti 5 kwenye pini ya 7. Sega inaipeleka kwenye ya 5, na ya 7 ni waya wa kuchagua kundi la vitufe litakalosomwa. Gemu za kuiga zinapitisha lachi, kloki na data za Nintendo kwenye soketi hiyohiyo, na mpangilio wa pini unaweza kubadilika kutoka pedi moja hadi nyingine. Chipu yake kwa kawaida imefunikwa kwa tone jeusi la gundi ngumu, kwa hiyo huwezi kufuata miguu. Fuata mistari ya shaba: hasi ndiyo njia pana inayokwenda upande mmoja wa vitufe vyote.

Wenye Commodore 64 wasichomeke pedi ya Mega Drive moja kwa moja, hata kama inaonekana kufanya kazi. Pedi hiyo inasukuma volti juu kwenye nyaya ambazo kompyuta yenyewe inazishusha ikisoma kibodi, na wanaoshindana hapo ni pedi na chipu ambayo haitengenezwi tena.

Kwa Mega Drive, alama za kusoma ni hizi. B na C zinafanya kazi, A na Start zimekufa: waya wa kuchagua umekwama juu. A na Start zinafanya kazi, B na C zimekufa, na kushoto na kulia zinaonekana zimebonyezwa pamoja: umekwama chini. Kushoto na kulia kwa wakati mmoja ni kitu ambacho kidole hakiwezi kufanya kwenye msalaba mzima, kwa hiyo ukikiona usitafute kwingine. B inawasha na A pia: unasoma haraka mno baada ya kubadilisha waya wa kuchagua, ongeza mikrosekunde chache.

Pedi ya vitufe sita inahesabu mipigo ya waya huo ili kujua lini itoe X, Y na Z, na hesabu inarudi sifuri ikiachwa bila mpigo kwa takriban milisekunde 1.5. Programu inayoiuliza kila milisekunde 1 haiipi nafasi ya kurudi sifuri, na vitufe vinachanganyika kama karata. Iache ipumue milisekunde 2 au zaidi. Ikiwa X, Y na Z hazipo kabisa, hakikisha hakuna aliyeshikilia kitufe cha Mode wakati umeme unawaka. Pedi halisi ya Sega ikiwashwa hivyo hujifanya ya vitufe vitatu.

PlayStation

Pedi ya PlayStation inajitambulisha kabla ya kueleza vitufe, na kitambulisho hicho ndicho cha kuchapisha kwenye kioo cha programu. Ukipata 0x41, pedi ni nzima ila fimbo zake za kidole gumba hazijawashwa. Bonyeza kitufe cha Analog taa iwake na itageuka 0x73. Wengi wanaosema fimbo zimekufa wako hapo tu. Ukipata 0xFF mfululizo, hakuna anayejibu.

Asipojibu, angalia mambo mawili. Kwanza, waya wa data wa PlayStation hauwezi kujiinua wenyewe. Unahitaji rizista ya kuvuta juu, kiloomu 1 hadi 10, kwenda volti 3.3. Pili, mpangilio wa biti: PlayStation inaanza na biti yenye thamani ndogo. Ukituma kinyume, amri ya kwanza 0x01 inafika kama 0x80 na pedi inanyamaza. Inachanganya zaidi kwa sababu amri inayofuata, 0x42, inasomeka vilevile kutoka pande zote mbili, kwa hiyo ukiiangalia hiyo peke yake kwenye kipimo utaapa kwamba kila kitu kiko sawa.

Pini ya 3 ya plagi ni umeme wa mota ya mtikisiko, zaidi ya volti 7. Isiguse kitu kingine chochote. Kama mtikisiko hauna umuhimu kwako, iache bila waya.

Pedi mpya kwenye mashine ya zamani

Mradi wa BlueRetro, unaotumia chipu ya ESP32, unaruhusu pedi za Bluetooth kucheza kwenye mashine nyingi za zamani, na ni kazi nzuri iliyotolewa wazi kwa wote. Lalamiko linalorudi kila mara ni kwamba pedi ya PS4 haionekani. Tazama maandishi juu ya chipu. ESP32-S3 na ESP32-C3 ni mpya zaidi na zinavutia, lakini hazina Bluetooth ya zamani ambayo pedi za PS4 na Switch hutumia. Nunua ESP32 ile ya kwanza. Ikiwa ubao unawaka na kuzima mara pedi inapojaribu kuungana, redio inavuta umeme kuliko kebo nyembamba inavyoweza kuleta. Lehemu kapasita ya mikrofaradi 100 au zaidi karibu kabisa na pini za umeme, na fupisha kebo.

ESP32 na Pico zote ni za volti 3.3. Waya wa volti 5 kutoka kwenye NES, SNES au Mega Drive usifike kwenye pini zake bila kibadilisha volti. Inaweza kuvumilia wiki, na dalili yake ya kwanza ni kitufe kimoja kinachokufa moja kwa moja.

Kuna tatizo moja ambalo maelezo mengi hayalitaji kwa kuwa waandishi wake wako Marekani, na letu ni eneo la PAL, mfumo wa TV tunaotumia pamoja na Ulaya. Mashine za NES na SNES za PAL zina diodi, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye nyaya za kloki na lachi ndani ya soketi. Diodi hizo zinairuhusu mashine kuvuta waya chini tu; kuuinua ni jukumu la pedi, na pedi za PAL zina rizista za kazi hiyo. Adapta iliyochorwa kwa mashine ya Marekani haina, basi inakaa kimya kwenye mashine ya Ulaya huku kwa mwenye mchoro inafanya kazi vizuri. Ongeza rizista mbili za kiloomu 4.7, moja kutoka kloki na moja kutoka lachi, zote kwenda volti 5. Hasa kama umeletewa SNES na ndugu aliye Uingereza au Ujerumani, anza hapo.

Kitufe kinachelewa

Kwenye mashine ya hertzi 60 picha moja inadumu milisekunde 16.7, kwenye ya PAL ya hertzi 50 inadumu 20. Adapta ya USB inayoulizwa kila milisekunde 10 inaweza kukuchelewesha zaidi ya nusu picha, na kuishusha hadi 1 ni mabadiliko ya namba moja kwenye programu. Lakini kabla ya hapo zima maboresho yote ya picha kwenye TV bapa au washa hali ya gemu, kisha ujaribu tena kuruka ukuta uleule. Ile bunduki ya kupigia bata ni habari nyingine: inasoma mwanga wa TV ya kichogo unaochorwa mstari kwa mstari, na adapta ya nyaya tu haitaifanya ione kitu kwenye TV bapa. Itunzie TV yake.

Kila kitufe kikishajibu mahali pake, funga kasha la pedi, lakini kabla ya kufunga la adapta tia gundi ya moto kuzunguka soketi ya USB ya Pro Micro. Ile ndogo imeshikiliwa na shaba nyembamba sana, na kebo ikivutwa mara moja na mtoto aliyesisimka inang'oka na njia zake zote.